Dawa Iliyofanya Kazi Jumapili Tu

Mwaka juzi, mpunga ulipokwisha kuvunwa, mama mkwe wangu aliletwa kutoka Mofu kuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa zamani, haoni nalo hata mwanga wa jua, kwa hiyo hilo la kulia ndilo lilikuwa macho yake yote. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kumchukua, daktari, binti mdogo tu ambaye angeweza kuwa mwanangu, alitukalisha mimi na mke wangu kwenye benchi akatupa masharti. Mgonjwa asiiname. Asibebe ndoo. Asikae kwenye moshi. Asilipikiche jicho. Halafu, bila hata kupunguza sauti, akasema, "Na chooni asijikamue. Akijikamua sana jicho linaweza kupata shida, na mnajua hana lingine."

Mama mkwe alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, jicho limefunikwa, masikio yote mawili wazi. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alivuta kanga mpaka kwenye kidevu akageukia ukutani.

Inabidi nieleze jambo hili kwa wale ambao kwao mkwe ni mtu wa kawaida. Kwetu sisi mama mkwe humsalimii ukiwa umemkazia macho. Unateremka kwenye baiskeli, unainama kidogo, unasema shikamoo mama, naye anajibu marahaba baba huku anaangalia pembeni. Humpi kitu mkono kwa mkono kama yupo mtu wa kukupokelea. Hamkai sebule moja. Miaka zaidi ya ishirini tangu nimwoe binti yake, sikumbuki kama niliwahi kuzungumza naye maneno yanayozidi hali ya mvua na hali ya mpunga. Leo daktari anatutajia choo chake mbele yangu, na mimi ndiye niliyebeba mfuko wake wa dawa.

Tulimleta kwetu Lumemo. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ilikaa uani, chini ya kipenu cha bati. Barabarani kuna vumbi, na vumbi na kitambaa cheupe cha sare za shule havipatani. Uani kuna mwanga mzuri tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Wateja wanapita uchochoroni wananikuta, tunapimana, tunataniana, wanaondoka. Chai naletewa hapohapo, chakula hapohapo. Mke wangu alikuwa na mazoea ya kusema kwamba nikifa nizikwe na pedali.

Siku ya nne tangu atoke hospitali, mke wangu alikuja kunisogelea nikiwa naweka kola. Alinong'ona kana kwamba tumeiba kitu.

"Baba watoto, mama hajapata choo."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomleta. Tumbo limemjaa gumu. Ninaogopa akianza kujikamua. Lile jicho."

Nami niliogopa, sikatai. Lakini lazima niseme ukweli wote: pamoja na hofu, nilifurahi kidogo. Nimelelewa na bibi yangu kule Sanje, chini ya milima, na bibi yule alikuwa na jani la kila kitu. Jani la kikohozi, jani la homa, jani la mtoto anayelia bila sababu. Kufunga choo ndiyo ilikuwa fani yake hasa. Alinifundisha kuloweka, kuchemsha, kukamua, kuchuja, na akaniachia kiburi chake chote. Mpaka leo nina kabati moja lenye chupa na makopo yangu, na mke wangu analiita duka la dawa lisilo na leseni. Sasa leseni ilikuwa imekuja yenyewe.

Kulikuwa na taratibu. Mimi rasmi sikutakiwa kujua chochote. Nilitengeneza dawa jioni, mke wangu akaipeleka asubuhi akisema ni kinywaji tu alichojisikia kutengeneza. Mama mkwe alijua imetoka kwangu. Mimi nilijua kwamba anajua. Wote watatu tuliheshimiana sana kwa kunyamaza.

Nilianza na ukwaju. Niliununua sokoni ule wenye mbegu zake, nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka asubuhi, nikaukamua kwa mkono na kuuchuja kwa kipande cha poplini kilichobaki kwenye kazi ya mtu. Bila sukari, kwa sababu bibi alisema sukari inaibembeleza dawa isahau kazi yake. Nikaagiza na papai bivu nusu kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Nikasema pia wali upungue, mboga iongezeke. Kumwambia mtu wa bonde hili apunguze wali ni kama kumtukana, lakini mke wangu alipika mlenda na matembele, na mama mkwe alikula bila kulalamika.

Siku mbili, hakuna. Nikaongeza unga wa majani ya mlonge kwenye uji. Hakuna. Jumamosi nikaona tusicheze tena, nikaenda kwa mzee anayeuza mizizi na majani karibu na wauza dagaa, nikanunua sanamaki. Majani makavu, membamba, hayana sura ya kutisha, lakini anayeyajua anayaheshimu. Nikayamiminia maji ya moto, nikayaacha muda mfupi tu, nikachuja. Mama alikunywa kikombe kimoja usiku huo.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, baada ya misa tukawa na kikao cha kamati ya ukarabati wa paa, kikao ambacho kama kawaida yake kilizungumzia kila kitu isipokuwa paa. Nilirudi saa saba mchana. Mke wangu alinipokea mlangoni meno yote nje.

"Mama amepata. Vizuri kabisa. Hakujikamua hata kidogo."

Nilikula ubwabwa wangu siku ile kwa raha ambayo sijui niieleze vipi. Nilimkumbuka bibi yangu, nikamshukuru kwa sauti.

Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Jumatano nikarudia sanamaki, na safari hii nikayaacha majani kwenye maji mara mbili ya ule muda wa kwanza. Alhamisi mama alishinda ameshika tumbo, linamkata na kumwachia, linamkata na kumwachia, lakini choo hakuna. Ijumaa na Jumamosi vilevile. Jumapili nikaenda kanisani, nikarudi, nikaambiwa amepata.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimweleza mteja mmoja aliyekuja kupunguza suruali kwamba sanamaki ina tabia ya kujikusanya mwilini, haifanyi kazi papo hapo, inahitaji siku tatu au nne, ndipo inapofungua. Nilimweleza kwa kirefu. Yule bwana alitikisa kichwa kwa heshima, na nadhani mpaka leo anawaambia watu.

Kuna jambo jingine nililiona na nikalielewa kwa namna yangu. Mara kadhaa kwa siku mama mkwe alitoka mlango wa nyuma na kopo la maji mkononi, anatembea polepole, anapapasa kwa mguu. Akifika karibu na miche yangu ya mipapai alisimama, akageuza uso upande wa kipenu ambako pedali ilikuwa inalia, halafu akainamisha kopo na kuumwagilia mche mmoja maji yote. Kisha akarudi ndani. Nilifikiri: mama wa watu, haoni vizuri, tumbo linamsumbua, na bado anaijali mimea ya mkwewe. Nilimpenda sana kwa ajili hiyo. Niliinama kwenye kazi yangu ili asione kwamba nimemwona.

Wiki ya tatu nilizidisha. Nilifanya sanamaki nzito, nyeusi kama chai ya mkandaa, na nikamwambia mke wangu amalize kikombe chote. Ilikuwa Jumanne. Mama alishinda siku nzima chumbani akiguna. Jioni nilipotoka kupeleka nguo za watu, ndipo alipokwenda, mke wangu aliniambia baadaye, na alikuwa amejibana muda mrefu mno hata kwenda kwenyewe kukawa mateso. Kesho yake aliamka jicho limekuwa jekundu, linachuruzika machozi, na anasema anaona ukungu.

Sitaisahau ile asubuhi. Nilisimama mlangoni pa bajaji nikiwa nimeshika mwavuli wake, nikiwaza kwamba nimempofusha mama wa mke wangu kwa majani ya elfu moja. Sikuthubutu kupanda nao. Niliwatazama wakiondoka, nikarudi kukaa kwenye cherehani, na sikushona hata mshono mmoja.

Walirudi mchana. Jicho lilikuwa salama. Lilikuwa limechokozwa tu, mama akaongezewa matone. Muuguzi alikuwa ameuliza mgonjwa anakunywa nini, mke wangu akaungama kila kitu. Muuguzi akasema majani makali yaachwe kabisa, yanamkaba tumbo mtu mzima bure, na mwingine anazidiwa. Papai aendelee. Ukwaju mwepesi si mbaya. Mboga, maji mengi. "Na haja ikimjia aende," alisema, "asiibane." Mke wangu alinirudishia maneno hayo neno kwa neno. Niliyasikia yote, na hilo la mwisho lilipita kichwani bila kusimama.

Jioni ile mama mkwe alimwambia binti yake kwamba kesho anarudi Mofu.

Mke wangu alilia. Mofu mama anakaa peke yake. Anapikia kuni. Maji anachota mwenyewe. Nani atamtia matone mara nne kwa siku? Alimbembeleza, akamwambia asubiri hata wiki mbili, mpaka siku ya kupimwa tena. Mama alikunja kanga zake, akazifunga kwenye furushi, akasema tu, "Kwangu ni kwangu." Mke wangu alinijia na macho mekundu akaniuliza nimemfanyia nini mama yake. Nami nilikasirika. Nimekesha nikikamua ukwaju, nimetembea jua kali kutafuta majani, na sasa mimi ndiye mbaya. Nilikanyaga pedali kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Asubuhi, kabla ya gari la Mofu, alikuja bibi mmoja jirani yetu. Ni Mngoni, na kwa upande wa mke wangu, Wandamba wenye kupenda samaki, ni mtani, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema yale ambayo sisi wengine tunayameza. Misibani kwetu ndiye anayelala kwenye mkeka wa marehemu na kudai urithi. Alipita kwenye kipenu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, fundi. Yule mla kambare wenu yuko wapi? Nasikia anakimbia. Mmemnyima samaki?"

Akaingia ndani. Nilisikia vicheko, halafu sauti ikawa ya chini kwa muda mrefu, halafu kicheko kimoja kikubwa cha kwake peke yake. Akatoka, akavuta kigoda, akakaa karibu na goti langu.

"Simamisha hiyo mashine."

Nikasimamisha.

"Fundi, wewe una akili?"

"Ninazo kidogo, bibi."

"Kidogo sana. Unamnywesha mkweo dawa ya kumfungua tumbo, halafu unamkalia mlangoni. Apite wapi? Juu ya kichwa chako?"

Nikageuka. Mlango wa choo chetu, mlango wa bati wenye kitasa cha waya, ulikuwa hatua sita kutoka kwenye pedali yangu. Kazi yangu ni kupima kwa macho, na sikuwahi kuzipima hatua zile. Hakuna njia nyingine ya kufika pale. Kila anayekwenda lazima apite mbele ya uso wangu na kopo mkononi, na kopo halina maana nyingine.

"Na ile mipapai," bibi akaendelea, "unafikiri anaimwagilia kwa mapenzi? Anatoka, anakukuta umekaa hapo umetoa macho, anaona aibu, anamwaga maji, anarudi. Siku zote sita. Na usiku haoni njia, anaogopa kuanguka. Wewe ukienda kumsifu Mungu ndipo na yeye anapumua. Anasema Mofu kuna shamba, kuna matete, hakuna mkwe aliyekaa njiani kutwa nzima. Bora aende akapofuke huko na heshima yake."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wiki tatu nilikuwa natafuta ugonjwa tumboni mwa yule mama, na ugonjwa ulikuwa umekaa kwenye stuli unashona kola. Kila kikombe nilichozidisha kilimzidishia mateso ya kunikwepa mimi. Halafu nikacheka, sikuweza kujizuia, na bibi naye akacheka, akanipiga kofi la mgongo, akasema atachukua papai moja kama malipo ya uganga.

Saa ileile nilimwita mke wangu tukabeba cherehani kuiingiza sebuleni, upande wa barabarani. Nilisema kwa sauti ya kutosha kusikika chumbani kwamba jua la uani siku hizi halivumiliki, na kwamba wateja wamelalamika uchochoro umejaa matope. Ilikuwa kiangazi, matope yangetoka wapi? Hakuna aliyeuliza. Mama mkwe hakutoka siku ile kwenda kupanda gari. Furushi lilibaki limefungwa, lakini lilibaki.

Kesho yake asubuhi mapema nilisikia mlango wa bati ukilia. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zote, bila kitambaa chini ya sindano, ili asije akadhani ninasikiliza.

Tangu hapo mambo yakanyooka. Niliurudia ukwaju, ule mwepesi wa mwanzo, na papai, na mlenda, na maji ya kunywa kwenye jagi karibu na kitanda chake. Vitu vilevile vilivyokuwa vimeshindwa sasa vilifanya kazi kila siku, Jumatatu sawa na Jumapili. Sanamaki iliyobaki niliirudisha kabatini nyuma kabisa. Bado naamini majani ya bibi yangu, na nitayaamini mpaka nizikwe. Ila nadhani bibi naye, kabla ya kuchuma jani, alikuwa akiuliza mgonjwa anakaa wapi na nani, na mimi sehemu hiyo ya mafundisho sikuisikiliza kwa sababu haikuwa na harufu wala rangi.

Sebule yetu ina dirisha moja dogo. Kutunga uzi nilitumia tochi ya simu. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja la mwalimu, nikafumua, nikaanza upya. Vumbi la barabara liliingia, wateja wakauliza kwa nini nimejificha. Sikujali. Nilimsikia mama akitembea uani, akizungumza na bata, siku moja hata akiimba wimbo wa kuvuna kwa Kindamba, na nilikuwa na amani moyoni. Mke wangu alifungua lile furushi mwenyewe akazianika kanga.

Siku ya kupimwa ilifika. Waliondoka asubuhi na bajaji, mimi nikabaki na kazi na wasiwasi. Walirudi saa sita. Safari hii mama mkwe hakuzunguka kupitia uchochoroni kama kawaida yake. Aliingia kwa mlango wa mbele, sebuleni nilipokuwa, bila kushikwa mkono.

Nilisimama, nikainamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuondoka. Nilikuwa naiona miguu yake tu kwenye zulia, na haikusogea.

"Baba, inua uso."

Nikainua. Alikuwa ananitazama moja kwa moja kwa lile jicho moja, jeupe na jeusi mahali panapotakiwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alinitazama usoni, kichwani, akarudi usoni.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Ninazo, mama. Nyingi tu."

"Tangu lini?"

"Yapata miaka kumi sasa."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Mimi nilikuwa najibana tumbo namwonea haya yule kijana aliyekuja Mofu na baiskeli ya kuazima," akasema. "Kumbe ni mzee mwenzangu."

Alicheka mpaka machozi, mke wangu akapiga kelele kutoka jikoni kwamba jicho lisipikichwe. Mama akafuta shavu tu, kwa uangalifu. Halafu akaangalia dirisha letu dogo, akaangalia shati jeusi lililokuwa chini ya sindano, akaangalia simu yangu iliyowashwa tochi.

"Na wewe humu gizani unaona nini? Toa mashine uirudishe kwenye mwanga. Tukipofuka wote wawili nani atamshika mwenzake mkono?"

Nilimwita mke wangu, tukaishika cherehani huku na huku, na mama akatangulia kutufungulia mlango wa uani.